Sanduku la kukalia kwa uvuvi wa ufito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kanda ya Kati

Majibu haya ni ya mtu anayevua kwa ufito, mshipi na boya kwenye kingo za mabwawa yetu: Hombolo, Mtera, na malambo ya vijijini yanayojaa wakati wa masika. Kuna mambo tumeyaeleza kwa kirefu na mengine kwa sentensi mbili tu, kwa sababu hayana uzito sawa. Msimamo wetu ni kwamba uimara wa sanduku uko miguuni. Fedha na muda wako vianzie huko, droo na mapambo vifuate baadaye.

Sanduku la kukalia ni kitu gani hasa?

Ni fremu yenye sanduku la vifaa ndani yake, mfuniko wenye mto juu, na miguu minne inayorefushwa mmoja mmoja. Mbele hupachikwa kibao cha kukanyagia chenye miguu yake miwili. Wavuvi wa mashindano wa Uingereza, Ufaransa na Italia ndio waliolikuza kufikia umbo hili, kwa kuwa huvua kwa fito za kaboni za mita 11 hadi 16 zisizo na kinu cha mshipi. Ufito wa namna hiyo haushikwi kwa mikono peke yake. Huegemezwa juu ya paja na kubanwa kwa mkono wa mbele, kwa hiyo paja lako na kiti ulichokalia ni sehemu ya chombo cha kuvulia.

Kutikisika kidogo kuna madhara gani?

Fanya hesabu. Kiti kikiinama kwa digrii moja tu, ncha ya ufito wa mita 11 inapanda au kushuka karibu sentimita 19. Perege hugusa chambo kwa wepesi, na boya linaloonyesha mguso huo huzama milimita chache tu. Ncha inayocheza hivyo humaliza kazi yote ya boya: humwoni samaki akigusa, na ukivuta unachelewa. Kisha kuna mgongo. Aliyekalia kitu kinachoyumba hukaza misuli ya kiuno kwa saa nne au tano bila kujua, na hulipia jioni.

Ninavua kwa mwanzi wa mita nne. Nami nahitaji sanduku?

Hapana, sanduku kamili hulihitaji. Kwa ufito wa mita 4 hadi 6 kwenye ardhi ngumu, miguu minne bila kibao cha kukanyagia inatosha, na miguu yako ikae chini kama kawaida. Kibao kinaanza kuwa na faida ufito unapovuka mita 7 au 8, au pale ukingo unapoteremka.

Kwa nini nisikalie ndoo au kreti la soda?

Kwa saa moja, kalia. Zaidi ya hapo kuna matatizo matatu. Ndoo ya lita 20 ina kitako chembamba, na kwenye tope hudidimia upande mmoja bila namna ya kuisawazisha. Mfuniko wake haukutengenezwa kubeba mtu, hupasuka katikati. La tatu ni jua: plastiki iliyoachwa nje hapa Dodoma miezi kadhaa huwa kavu na hukatika ghafla bila kutoa dalili. Ukiona rangi yake imepauka na inaacha unga mweupe kidoleni, usiikalie tena.

Unene wa miguu uwe kiasi gani?

Masanduku ya viwandani hutumia bomba la milimita 25, 30 au 36. Ya 25 yameenea zaidi na humtosha mtu wa kawaida. Ya 36 hutumiwa na watu wazito na wanaovua kwa fito ndefu. Kabla ya kuagiza, fahamu kwamba vifaa vya pembeni, kama trei ya chambo, mkono wa wavu na kishikio cha ufito, hupachikwa miguuni, kwa hiyo kipenyo cha mguu ndicho kinachoamua kipi kitaingia. Kampuni ya vifaa vya uvuvi ya Matrix, kwa mfano, ina masanduku ya S25 na S36, na tarakimu hizo ni kipenyo cha mguu. Kifaa cha 36 unaweza kukiweka kwenye mguu wa 25 kwa pete ya kujazia, lakini cha 25 hakiwezi kuingia kwenye mguu wa 36.

Hata hivyo kipenyo si kila kitu. Mguu mnene uliobanwa na bolti moja kwenye soketi (bomba la kwenye fremu ambalo mguu huingia ndani yake) ya sentimita tano utacheza kuliko mwembamba uliokaa ndani ya soketi ya sentimita thelathini. Tazama urefu wa soketi kwanza.

Udongo wa mbuga unameza miguu. Tufanyeje?

Hili ndilo swali kubwa la ukanda wetu. Chukua mtu wa kilo 80 na sanduku lenye vifaa la kilo 20, jumla kilo 100. Miguu minne ya bomba la milimita 25 iliyozibwa chini ina eneo la kama sentimita za mraba 20 tu, sawa na kilo 5 kwa kila sentimita ya mraba. Hakuna tope litakalostahimili hapo. Weka chini ya kila mguu sahani ya mviringo yenye kipenyo cha sentimita 10, na eneo linakuwa kama sentimita za mraba 314. Mgandamizo unashuka mara 16.

Sahani ikatwe kutoka bamba la chuma la mm 3. Usiichomelee moja kwa moja kwenye mguu, kwa sababu ukingo ukiwa na mteremko itagusa kwa ubavu na kuchimba. Chomelea masikio mawili juu ya sahani, toboa, kisha pitisha bolti ya M8 (unene wa mm 8) kwenye masikio na kwenye ncha ya mguu, uiache ilegee kidogo ili sahani ifuate mteremko. Toboa pia matundu manne ya mm 10 kwenye sahani. Tope huishika sahani kwa sababu hewa haipiti chini yake, na matundu hayo huvunja mnyonyo huo. Wakati wa kuondoka, inua mguu mmoja mmoja kwa kuulaza pembeni. Ukivuta sanduku zima kwa pupa ndipo masikio yanapokatika.

Mtera inahitaji tahadhari ya ziada. Bwawa hilo hufanya kazi kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa kingo zake ni tambarare, maji yakishuka hubaki eneo pana la tope lenye ganda kavu juu na ulaini chini. Chomeka kijiti kabla ya kuweka sanduku. Kikizama zaidi ya sentimita 20 kwa nguvu ya mkono mmoja, tafuta mahali pengine. Sahani za kipenyo chochote hazitakusaidia hapo.

Kimo cha kiti napimaje?

Kaa kwenye benchi ukiwa na viatu utakavyovulia. Pima kutoka nyuma ya goti hadi chini ya kisigino. Kwa watu wengi huwa kati ya sentimita 42 na 48. Hicho ndicho kimo kutoka kibao cha kukanyagia hadi juu ya mto ukiwa umeukalia, si ukiwa mtupu, maana mto wa sentimita 5 hushuka hadi kama 3. Mapaja yanatakiwa kuwa sawa na ardhi. Magoti yakipanda juu, ufito utateleza kuelekea tumboni. Yakishuka, utateleza kuelekea majini na utaumaliza mkono ukiuzuia.

Naweza kutengenezewa na fundi wa hapa?

Ndiyo, na kwa wengi ndiyo njia tunayoipendekeza. Fundi yeyote anayechomelea mageti na madirisha anao ujuzi unaotosha. Mpe vipimo, usimwachie abuni.

Fremu ya sanduku iwe na upana wa sentimita 45, kina cha 38 na kimo cha 35. Mizunguko miwili, wa juu na wa chini, itoke kwenye skwea paipu (bomba la mraba) ya mm 20 kwa 20, unene wa mm 1.2. Kona nne zisimamishwe na soketi za skwea paipu ya 30 kwa 30, mm 1.5, kila moja sentimita 35. Miguu iwe sita, ya skwea paipu ya 25 kwa 25, mm 1.5, kila mmoja sentimita 60: minne ya sanduku, miwili ya kibao. Kibao kiwe sentimita 50 kwa 40, fremu yake nayo itoke kwenye paipu ya 20, na kiungio kimoja cha kukatiza katikati. Soketi zake mbili za mbele zinatosha kuwa na sentimita 15 kila moja.

Ukijumlisha, paipu ya 20 inahitajika kama mita 5.6, ya 25 mita 3.6, na ya 30 mita 1.7. Yaani bomba moja zima la 20, moja la 25, na kipande tu cha 30. Mabaki ya ile ya 25 yanafaa kuwa miguu miwili mirefu ya akiba ya sentimita 90, kwa kingo zenye mteremko mkali.

Dukani, fanya mambo mawili. Kwanza, ingiza kipande cha 25 ndani ya 30 kabla ya kulipa. Ndani ya paipu kuna mshono wa kiwandani, na ukiwa mkubwa mguu hauingii. Fundi atalazimika kuukwangua kwa tupa, na soketi ya sentimita 35 haikwanguliki katikati. Pili, pima uzito. Bomba la 25 kwa 25 la mm 1.5 lenye mita 6 linatakiwa kukaribia kilo 6.5. Likiwa kilo 5, unauziwa jembamba kwa bei ya nene.

Kufunga miguu: toboa tundu la mm 11 kwenye soketi, weka nati ya M10 juu yake na kuichomelea, huku bolti ya zamani ikiwa ndani ili nyuzi zisiungue. Soketi ndefu ziwe na bolti mbili, moja karibu na juu na nyingine karibu na chini, zile fupi moja. Jumla ni bolti kumi. Kichwani mwa kila bolti chomelea kipande cha nondo ya mm 8 chenye sentimita 6, kiwe mkono wa kukazia. Ncha ya bolti ipigwe tupa iwe bapa. Baada ya muda itatengeneza kibonyeo kwenye mguu. Hapo geuza mguu upande mwingine, nao una pande nne.

Kibao huning'inizwa mbele ya mzunguko wa chini kwa vipande viwili vya flati baa vyenye matundu kila sentimita 2.5, ili ukipandishe au kukishusha kulingana na urefu wa mguu wako.

Mbao: mfuniko na kibao viwe plaiwudi ya mm 12 ya kustahimili maji, kuta na sakafu mm 6. Sanduku tupu, pamoja na kibao, litafika kilo 16 hadi 18.

Kwa nini si mninga mtupu? Ni mbao imara.

Mninga ni mbao nzuri sana na hauchezi hovyo ukikauka vizuri. Shida ni uzito, na shida ya pili ni viungio: miguu inayorefushwa haikai vizuri kwenye mbao, kwa sababu tundu hupanuka kila linapokazwa. Ukipenda mninga, uutumie kwenye mfuniko juu ya fremu ya chuma. MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) isikaribie kabisa. Ikinyeshewa mara moja hufura kingoni na skrubu hazishiki tena.

Nitajuaje kama lililotengenezwa ni imara?

Liweke kwenye sakafu ya saruji, miguu ikiwa imetolewa sentimita 30. Pandisha mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 juu ya mfuniko, uiache saa moja. Nyoosha uzi juu ya mfuniko, kisha pima umeshuka kiasi gani katikati. Ukizidi milimita 3, ongeza kiungio chini yake. Kisha shusha mifuko, kaa mwenyewe, shika kingo na ujisukume kutoka kona moja hadi ya pili. Sukuma kimshazari, kwa sababu mbele na nyuma karibu kila sanduku huonekana zima. Ukisikia mlio, sikiliza unatoka wapi: mlio mkavu wa chuma ni soketi iliyolegea, mlio wa kukwaruza ni skrubu za mbao.

Nimepata lililotumika kutoka Ulaya. Nikague nini?

Anza na miguu. Itoe yote, izungushe juu ya meza iliyonyooka, uliopinda utaruka. Kaza kila kibanio hadi mwisho na ujaribu kuusukuma mguu chini kwa uzito wako. Ukiteleza, nyuzi zimelika au kiini cha plastiki kimepasuka. Angalia kona za fremu zilizofungwa kwa ribiti: unga mweupe pembeni ya ribiti ya chuma kwenye alumini ni dalili ya kuliwa, na ukiendelea ribiti hutoka yenyewe. Droo zilizopasuka zisikuogopeshe, hazibebi mtu. Muulize muuzaji kama sahani za chini zipo zote sita, kwa sababu hizo ndizo hupotea kwenye tope.

Nilisimike kwa utaratibu gani?

Ondoa mawe na visiki mahali pa miguu. Weka sanduku, fungua bolti za miguu ya nyuma kwanza, uiache iguse ardhi, ukaze. Kisha ya mbele. Weka pimamaji juu ya mfuniko, upande kwa upande halafu mbele kwa nyuma. Sasa kaa kwa nguvu mara tatu au nne ili sahani zizame zinapotaka kuzama, shuka, pima tena na ukaze upya. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo sababu sanduku lililokuwa sawa asubuhi linainama saa nne. Pachika kibao mwisho, kisha trei.

Kwenye mteremko, hesabu mapema. Kina cha sanduku na kibao ni sentimita 78. Ukingo unaoshuka sentimita moja kwa kila nne utataka miguu ya mbele kabisa iwe mirefu kuliko ya nyuma kwa karibu sentimita 20. Kila mguu wa sanduku ubaki na sentimita 12 au zaidi ndani ya soketi, na wa kibao usipungue 10. Mteremko ukiwa mkali kuliko hapo, chukua jembe ukate ngazi ndogo ya miguu ya nyuma.

Mwamvuli niufunge kwenye sanduku?

Hapana, tafadhali. Upepo wa kiangazi hapa, kuanzia Juni hadi Oktoba, huvuma mchana kutwa, na mwamvuli mkubwa ni tanga. Ukifungwa kwenye mguu, unausukuma mguu huo kila dakika na kulegeza bolti, na upepo ukikaza hukuangusha nawe. Uchomeke kwenye nguzo yake, ufungwe kwa kamba mbili upande unakotoka upepo.

Trei ya pembeni ibebe kiasi gani?

Kilo tatu, isizidi. Boksi la minyoo, ugali wa chambo, ndoano za akiba. Ndoo ya pumba ikae chini.

Nalisafirishaje?

Kwenye bajaji halina shida. Kwenye bodaboda, toa miguu yote uifunge pamoja kama mzigo wa fito, na sanduku lilale mfuniko ukiwa chini. Mto wa godoro gumu uliovishwa ngozi bandia hunyonya mtikisiko vizuri. Ngozi nyeusi ikiachwa juani mchana wa Novemba huunguza mapaja. Chagua rangi ya kijivu au kaki.

Utunzaji?

Chuma kipigwe msasa, kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, na ndani ya soketi kipitishwe kitambaa chenye oili. Lakini miguu yenyewe na nyuzi za bolti usizipake grisi. Vumbi letu hugandamana na grisi na kuwa msasa unaolisha chuma. Sugua nta ya mshumaa badala yake. Ukirudi, osha miguu kwa maji yasiyo na chumvi na uikaushe ukiwa umeitoa. Kwa wanaokaa karibu na maziwa ya Singidani na Kindai mjini Singida, ambako maji ni ya chumvi, kuosha kufanyike siku hiyo hiyo.

Nimeona picha za Wazungu wameliweka sanduku ndani ya maji. Nifanye hivyo?

Mtera usithubutu. Bwawa lile lina mamba na viboko, na mtu aliyekaa mgongo ukiwa umeinama mbele, miguu ukingoni, akikodolea boya macho, hawezi kuona kitu kinachosogea chini ya maji. Kaa nyuma ya ukingo, kwenye mahali wazi pasipo na magugu, waulize wavuvi wa eneo hilo umbali wanaouheshimu na njia za viboko, na uondoke kabla jua halijazama. Ufito mrefu unakupa nafasi hiyo, kwa kuwa unaweza kukaa mita kadhaa nyuma na bado ukafika kwenye kina.

Malambo madogo yana hatari nyingine. Maji matamu yaliyotuama yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho, na vimelea hupenya ngozi ya mguu ulio majini. Kibao cha kukanyagia kinakuweka mkavu. Kwa hiyo hata mwenye ufito mfupi, kwenye lambo lenye ukingo wa majimaji, tunamshauri akiongeze.

Kuna la kuangalia juu ya kichwa?

Nyaya za umeme. Kaboni hupitisha umeme, na ufito wa mita 11 ukisimamishwa hufika kwenye nyaya bila wewe kunyanyuka kitini. Karibu na kituo cha umeme cha Mtera njia kubwa za umeme ni nyingi. Chagua mahali ambapo ufito ukisimama wima au ukisukumwa nyuma haukaribii waya wowote. Radi ikianza kusikika wakati wa masika, laza ufito chini, acha sanduku lilipo na uondoke ukingoni.